Mikono ya wakala na mapovu yaliyonimaliza

Juzi kibandani kwangu kaja mama mmoja wa makamo kutoa hela, nikamhesabia elfu arobaini na mbili nikamnyooshea, akaziangalia zile noti, akaiangalia mikono yangu, alafu akanambia kwa upole kabisa "mwanangu ziweke tu hapo juu ya meza." Nikaziweka. Akafungua fundo la khanga akazibeba na ncha ya khanga kama mtu anaokota kaa la moto. Sikukasirika aisee, nimeshazoea, ila nilivyofunga saa moja jioni nikasema leo naandika, maana kila nikigusia hii ishu watu wananifuata pembeni kuniuliza "dada ulitumia nini" na mi nachoka kujibu mmoja mmoja.

Kwa wasionijua, mi ni wakala wa pesa za simu Kirumba, Mwanza, karibu kabisa na soko la samaki la Mwaloni, na nina pumu ya ngozi. Ndo jina lake la kihospitali huku kwetu, wengine wanaita ekzema, mtaani wanaita fangasi, upele, aleji, damu chafu, na kuna jirani aliwahi kuapa kabisa kwamba ni ukoma. Haiambukizi. Hata ukinishika mkono tukakaa nao mpaka kesho asubuhi haikupati.

Nimezaliwa nayo tu. Kaka yangu yeye ana pumu ile ya kifua, mama kila vumbi likipanda anapiga chafya kumi mfululizo, mimi ikanishukia kwenye ngozi, na daktari akanambia hivo vitu vitatu ni watoto wa baba mmoja, vinatembea kwenye ukoo. Nikiwa mdogo ilikuwa kwenye mikunjo, ndani ya viwiko na nyuma ya magoti. Ukisoma maelezo mengi utaona wanasema ngozi inakuwa nyekundu, sasa mimi na weusi wangu huu wekundu nitautoa wapi? Kwangu inakuwa nyeusi tii yenye ujivujivu, ngumu, imekakamaa kama goti la mtu anayedeki kila siku, na ikipona inaacha madoa yanakaa miezi. Nadhani ndo maana miaka yote ile shuleni walikuwa wananiambia nina uchafu haujatoka.

Na hapo kwenye uchafu ndo kisa chote kilipo.

Mama yangu ni msafi, na usafi wake una sauti. Dodoki likipita mgongoni lazima jirani alisikie. Tulikaa Mabatini kule juu kabisa, wanaojua wanajua, nyumba imekaa juu ya jiwe na jiwe limekaa juu ya jiwe lingine, maji tunapandisha na madumu, kwaiyo maji yalikuwa mali, lakini mimi peke yangu nilikuwa natengewa ndoo mbili. Moja ya kulowekwa na sabuni ya mche, ya pili ya kusuuzwa. Mama alikuwa anasugua yale meusi ya kwenye viwiko na dodoki, yakikataa anachukua kijiwe cha kusugulia visigino, mi nalia, yeye analia, alafu ananipaka mafuta kidooogo ya kuteleza ili yasiishe. Wiki inayofuata yamekuwa meusi zaidi. Basi sabuni inaongezwa. Simlaumu hata kidogo, mtoto akiwa na mabaka watu hawamsemi mtoto, wanamsema mama yake.

Nilivyoingia sekondari ikatulia yenyewe, nikasahau kabisa. Ikarudi 2019 nilivyoanza uwakala, safari hii ikahamia mikononi, na 2020 ikaja korona.

Mnakumbuka zile ndoo za maji tiririka kila mlango? Mimi ilikuwa mlangoni kwangu, na kila mteja akinawa na mi nanawa ili asione namnyanyapaa, yani kwa siku nanawa mara thelathini arobaini huko, sabuni ya maji ile ya kuchanganyia mtaani yenye mapovu ya kufa mtu, alafu juu yake sanitaiza. Ukipaka sanitaiza kwenye ngozi iliyopasuka unawaona malaika wakipita. Na hela za Mwaloni jamani sio hela za benki, noti imetoka kwa muuza kayabo, samaki wa chumvi, nayo ina chumvi, nyingine imetoka kwa mama wa dagaa ina vigamba na mchanga, unazihesabu na vidole vyenye nyufa. Kufika Juni ule upepo mkavu wa kiangazi ulivyoanza, vidole vilikuwa vinapasuka kwenye viungo, nikikunja ngumi damu inatoka. Mi najibuje? Nanawa zaidi. Naona wateja wanaangalia mikono, nataka waone kwamba mimi ni msafi, basi naloweka mikono jioni na sabuni ya unga kabisa, natumia na brashi ya kufulia.

Dodoki la mama lilikuwa limerudi, safari hii nalishika mwenyewe.

Kabla ya kupata akili nilipita njia zote mnazozijua. Bibi yangu wa Magu alinichemshia mwarobaini nikaogea wiki mbili, harufu nzuri, ngozi ikawasha kama nimelala kwenye upupu. Shangazi akasema ni damu chafu, nikanywa dawa ya kusafisha damu, kilichosafishwa ni tumbo. Mteja mmoja akasema nimetupiwa kitu kwenye noti na wakala mwenzangu mwenye wivu, huyo nilimwambia kama kuna mtu ana uwezo wa kuloga noti si angezifanya ziongezeke.

Alafu ikaja tyubu. Hii niiseme taratibu maana naona wengi wenu mko hapo hapo. Duka moja la dawa, sitaji, nikaonesha mikono, kijana hata hakuuliza swali akanipa tyubu ya krimu yenye dawa tatu ndani, ya fangasi, ya bakteria na steroidi, ile ya kutuliza uvimbe na muwasho. Siku ya tatu mikono laini kama ya mtoto. Nililia kwa furaha. Nikapaka na usoni kwasababu kulikuwa na baka dogo karibu na mdomo, na uso nao ukang'aa, watu wakaanza kuniambia "umetakata", na mimi nikanogewa, nikawa napaka kila siku asubuhi na jioni, hiyo miezi kama mitano hivi. Nikiacha siku mbili inarudi kwa hasira mara mbili. Nikaja kushtuka uso umejaa vipele vidogo vidogo kuzunguka mdomo, ngozi ya mashavuni imekuwa nyembamba unaona vimishipa, na jua la saa sita likinipiga linaunguza. Kumbe nilikuwa najitengenezea mkorogo bila kujua, maana steroidi kali ndo hizo hizo wanaochanganya mkorogo wanazitia humo.

Daktari wa ngozi niliyekuja kumuona (alisomea Moshi, pale KCMC, ambapo tangu 1992 kuna kituo kinafundisha wataalam wa ngozi kutoka nchi kibao za Afrika) hakunigombeza, aliniuliza swali moja tu. "Unaoga na nini?" Nikajibu kwa kujiamini, nikataja sabuni tatu. Akacheka mpaka akavua miwani.

Alivyonielezea ni hivi, na mi nimeitafsiri kwa lugha ya Mabatini. Ngozi ya mtu wa kawaida ni kama ukuta wa mawe wenye udongo mzuri katikati ya mawe. Ule udongo ni mafuta ya asili ya ngozi. Sisi wenye pumu ya ngozi tumezaliwa na ukuta ambao udongo wake haukushiba, kwaiyo maji ya ndani yanavuja, ngozi inakauka, na vya nje, vumbi, jasho, chumvi, sabuni, vinapenya, mwili unashtuka unaanza vita, ndo unawashwa. Ukijikuna unabomoa na mawe. Sasa sabuni kazi yake ni nini? Kuondoa mafuta. Yani mimi kila siku nilikuwa nachukua mpira wa maji naosha udongo kwenye ukuta wangu mwenyewe, alafu nashangaa kwanini nyumba inavuja. Akanambia pia ngozi ina utindikali kidogo, kwenye kile kipimo chao cha pH (namba ikiwa ndogo ndo tindikali zaidi) iko kwenye 5 hivi, na sabuni za kawaida za kipande ziko 9 mpaka 10, kwaiyo hata ukisuuza vizuri umeshaivuruga.

Nilirudi nyumbani nimekaa kwenye daladala nafikiria mama na zile ndoo mbili.

Basi sasa ratiba yangu ilivyo, mnaotaka kujua "natumia nini". Naoga mara moja kwa siku, kukiwa na joto sana mara mbili ila haraka, maji ya vuguvugu sio moto, na sabuni inagusa kwapa, huko chini na nyayo, basi. Dodoki sina. Nikitoka sijifuti kwa kusugua, najikaushakausha na khanga, na ngozi ikiwa bado ina unyevu, sizidishi dakika tatu, napaka mafuta ya mgando. Mengi. Hapa ndo watu wanakosea, na mimi nilikuwa nakosea, nilikuwa na kikopo cha gramu 50 kinakaa miezi miwili, daktari akanambia mtu mzima anayepaka mwili mzima inavyotakiwa robo kilo kwa wiki inaisha bila shida. Robo kilo! Kwaiyo siku hizi nanunua lile kopo kubwa la bei rahisi lisilo na harufu, haya yenye harufu ya waridi na limao nimewaachia wenye ngozi zao. Naonekana kama nimekaangwa, ndio, ila siwashwi.

Hapo nisimamie kidogo. Mafuta ya mgando yakishalowa kwenye nguo, nguo hiyo ikigusana na moto inawaka upesi kuliko nguo kavu, na kufua mara moja hakutoi mafuta yote. Tunaopika na mkaa, tunaolala na mishumaa umeme ukikatika, na mnaovuta sigara kitandani, kuweni makini. Mi khanga zangu za kulalia haziingii jikoni.

Steroidi bado natumia, msishangae. Wengine mkisikia nilivyoungua uso mtaitupa kabisa na hilo nalo ni kosa, nilikaa mwaka mzima naziogopa huku natokwa damu. Tofauti ni kwamba sasa nina za kuandikiwa, ya mikono ina nguvu kwasababu ngozi ya kiganja ni nene, ya usoni ni haidrokotizoni ile ya asilimia 1, na hazibadilishani sehemu. Ikilipuka napaka siku nilizoambiwa mpaka itulie alafu naacha, narudi kwenye mafuta peke yake. Kipimo ni ncha ya kidole, unaminya tyubu kuanzia kwenye kiungo cha mwisho cha kidole cha shahada mpaka nchani, hiyo ni kama nusu gramu, inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Mi zamani nilikuwa napaka kama siagi kwenye mkate. Na tyubu naificha, kwasababu mdogo wangu wa kike aliiona inavyolainisha akataka "kidogo tu ya uso", nikamuonesha picha zangu za 2021 akairudisha mwenyewe.

Ikianza kutoa maji, au kuganda magamba ya njano kama asali, au mtu kupata homa, hiyo bakteria wameshaingia, mafuta hayawezi, unaenda hospitali. Ilinitokea mara mbili, na zote nilichelewa kwa kuogopa kuambiwa mchafu.

Chakula sasa. Jamani. Mtu anakaa Mwanza anakwambia usile samaki! Niliacha sato, sangara, dagaa, mayai, nyanya, karanga na maziwa kwa miezi minne kwa ushauri wa watu wa kwenye simu, nikabaki na michembe na ugali wa udaga, nikapungua mpaka mama akadhani kuna kingine ninachomficha. Mikono haikubadilika hata kidogo. Daktari akasema kwa mtu mzima chakula mara nyingi sio chanzo, labda kama ukila kitu unaona kabisa midomo inavimba au unatoka mabaka muda huo huo, hapo ni habari nyingine na ukapimwe. Jioni ile nilipitia Mwaloni nikachagua sato mkubwa kuliko uwezo wangu. Kumpaa magamba ndo siruhusiwi, nampa kijana wa pale miatano ananifanyia.

Kinachonilipua mimi, nimekuja kujua kwa kuandika kwenye lile daftari la floti, yani salio la kazi, pembeni, ni jasho, upepo wa kiangazi, sabuni ya unga, na mawazo. Jasho nalipata kwenye kupanda mlima kurudi kwa mama, kule bado hakuna bodaboda inayofika mlangoni, kwaiyo nabeba kitambaa chenye maji najifuta shingo nikifika. Nguo ni pamba tu, naenda Mlango Mmoja asubuhi marobota yakifunguliwa nachambua tisheti za pamba za mitumba, hizi zimefuliwa mara mia zimelainika, ngozi yangu inazipenda kuliko mpya. Mawazo ndo siwezi kuyafanyia kitu. Siku niliyotuma laki tatu kwenye namba siyo, nilijikuna mpaka asubuhi.

Ziwani pia msiniite. Naishi hatua chache kutoka maji na sijaogelea miaka. Kichocho kipo, kila mtu wa huku anajua, na vile vijidudu vya kwenye konokono hata visipokupa ugonjwa wenyewe vinaacha muwasho kwenye ngozi ya mtu mzima wa afya, sembuse huu ukuta wangu.

Usiku ndo mgumu. Mchana una wateja, unajisahau, ukilala tu mwili unakumbuka kazi. Vile vidonge vya aleji vya kulevya usingizi vinanilaza ila muwasho wenyewe haviuondoi, nikiamka shuka lina damu. Kinachonisaidia ni kukata kucha mpaka mwisho, kupaka dawa, alafu khanga kuukuu ya pamba naichana vipande, nalowesha, nakamua, nafunga mikono, juu yake soksi kavu. Unalala kama bondia. Nikiwa na vidonda vilivyoingia bakteria sifungi, hilo niliambiwa mapema.

Kuna la kanisani pia. Pale kwenye kutakiana amani, mama wa benchi la mbele aligeuka, akaona mkono, akafumba viganja vyake akaniinamia tu kama tuko India. Nikamwinamia. Dakika moja mbele mtoto wake wa miaka kama mitano akageuka akanishika mkono na mikono yote miwili akasema "amani," alafu kwa sauti ya kanisa zima, "mama huyu dada ana mikono kama ya mamba." Niliangua kicheko padri akaniangalia. Kweli ilikuwa kama ya mamba, wiki ile.

Wiki iliyopita kuna mzee wa kisiwani, huwa analeta hela za dagaa kila mbalamwezi, kwasababu mwezi ukiwa mkubwa hawavui wanakuja mjini. Huyu kwa miaka yote hajawahi kusema kitu kuhusu mikono. Akaniangalia nikiwa napaka mafuta katikati ya wateja akasema "mayu, mke wangu anayo hiyo hiyo, anaanika dagaa, yeye anasugua na mchanga." Nikamwambia mwambie aache mchanga. Akasema "na sabuni?" Nikamwambia hata sabuni apunguze. Akanitazama kama nimemtukana mkewe. Nikamwandikia nyuma ya risiti, mafuta ya mgando yasiyo na harufu, kopo kubwa, na aende akaonwe kituo cha afya, akaikunja akaiweka kwenye kofia.

Kesho ni siku yangu ya kufua. Glavu za mpira nilizonazo zimetoboka kidole gumba, na zile za pamba za kuvaa ndani (mpira peke yake unatoa jasho linawasha, lazima kuwe na pamba chini) madukani sikuzipata, nilimpa fundi mmoja wa Makoroboi tisheti mbili kuukuu anishonee, jozi tatu. Kashona zote za mkono wa kulia. Ngoja niende kabla hajafunga.